Rweya si Ardhi Tupu

Ndugu msomaji, mwombe mtu wa Bukoba au Muleba akuonyeshe mali aliyoachiwa na wazee wake, naye atakuongoza moja kwa moja hadi kibanjani. Hapo atakutajia aina za migomba kwa majina yake, atakuonyesha mibuni iliyopandwa na babu yake, na kaburi la babu huyo chini ya migomba hiyo hiyo. Kisha mwulize habari za ule uwanda wa majani unaoanza pale migomba inapokoma. Atautazama mara moja na kukujibu: "Kule ni rweya tu." Ni neno hilo dogo, "tu", tunalotaka kulizungumza katika makala haya, kwa kuwa ndani yake limo kosa la elimu, na limo pia kosa la dini.

Msomaji asiyeijua nchi ya Wahaya na afikirie bahari ya majani yenye visiwa vya migomba ndani yake. Kisiwa ndicho kibanja, mahali pa nyumba, kahawa, maharage na makaburi. Bahari ndiyo rweya. Upande wa Bukoba, karibu na Ziwa Viktoria, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, nayo imekuwa ikiuosha udongo uliotokana na mawe ya mchanga kwa muda usiohesabika, hata udongo huo ukabaki maskini wa chakula cha mimea. Ukienda magharibi mvua hupungua. Ukifika Ngenge, katika nchi ya chini ya Muleba inayoelekea Ziwa Burigi, visiwa huwa vichache na bahari huwa pana: majani, miti ya miiba hapa na pale, vichuguu vya mchwa, na ng'ombe wa pembe ndefu wakivuta miguu kutafuta maji.

Basi mtu akiona kibanja kina udongo mweusi wenye rutuba, na hatua ishirini mbele yake rweya ina udongo mwepesi wa kijivu, huona kwamba Mwenyezi Mungu aliibariki sehemu moja na kuinyima nyingine. Sivyo hata kidogo. Udongo wa kibanja ulitengenezwa. Kwa karne nyingi wanawake na wanaume walikata majani ya rweya wakayatandika chini ya migomba, yakaoza. Ng'ombe walishinda rweyani wakila, na usiku walilala nyumbani. Asubuhi samadi yao ikabebwa hadi kwenye mashina. Nyumba ya msonge iliezekwa kwa majani ya rweya tangu kileleni hadi chini, na sakafu yake ikatandikwa majani ili mgeni apate mahali pazuri pa kuketi, na majani hayo yalipochakaa yalitupwa kibanjani kama ndugu zake. Hata njugumawe zilitoka rweyani, katika vishamba ambavyo akina mama walivilima kwa msimu kisha wakaviacha vipumzike. Kwa hiyo kibanja ni rweya iliyokusanywa kidogo kidogo mikononi mwa watu. Tauni ya ng'ombe ilipopita katika nchi hizi miaka ya 1890 na kuua mifugo, migomba nayo ilidhoofika, kwa sababu daraja kati ya bahari na kisiwa lilikuwa limekatika. Wanaosema "rweya tu" wanamdharau mama aliyewanyonyesha.

Leo rweya inapimwa na kugawanywa. Mwenye fedha huja na mbegu za misonobari na mikaratusi, akapanda mlima mzima, akaweka mlinzi. Hatusemi kupanda miti ni dhambi. Mbao zinahitajika, na wengi wamesomesha watoto kwa mikaratusi. Tunasema kwamba mjane aliyekuwa akikata mizigo miwili ya majani kwa ajili ya kibanja chake sasa hana pa kukata, na hakuna aliyemwuliza, kwa sababu mahali pale palihesabiwa kuwa patupu.

Huenda msomaji akauliza: Jarida la dini lina haja gani na majani? Tueleze Tauhidi, Sala na Ufufuo, na majani tuwaachie mabwana shamba. Jawabu letu ni kwamba Kurani Tukufu yenyewe haikuona haya kuzungumza habari hizi. Katika Sura Al-Ghashiya, baada ya kuwaeleza watu habari za Siku ya Kiyama, Mwenyezi Mungu anawaelekeza wenye shaka kwa ngamia, mbingu, milima na uso wa ardhi, yaani vitu ambavyo Mwarabu wa jangwani aliviona kila siku bila kuvitazama. Wewe uliyelelewa katika Ukristo, na sasa unautafiti Uislamu, unakumbuka kwamba Nabii Isa a.s. naye aliwatuma wanafunzi wake wakafikirie maua ya kondeni, yanayovikwa uzuri bila kusokota uzi. Manabii wa Mungu wamekubaliana katika jambo hili: anayetaka kumjua Muumba asipite penye viumbe akiwa amefumba macho. Ishara haina faida kwa asiyeitazama, hata iwe mlangoni pake.

Wenzetu wa Nyanda za Juu Kusini walilitambua jambo hili bila kungoja wataalamu. Uwanda wa Kitulo, ulio juu sana upande wa Mbeya na Njombe, wenyeji waliuita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yanayoufunika wakati wa mvua. Serikali ilipoufanya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, kilomita za mraba zipatazo 412, ilikuwa kwa ajili ya maua na majani hasa, si kwa ajili ya simba na tembo. Humo zimo okidi za aina zaidi ya 40. Hakuna mtu wa kule anayesema "Kitulo tu".

Lakini rweya haina maua ya kutangazwa, na hapo ndipo mtihani ulipo. Twende Ngenge basi, tuangalie kile kinachoitwa si kitu. Chukua kamba, pima mraba wa hatua moja kila upande, uketi chini na kuhesabu. Utaona kwamba kile ulichokiita "majani" kwa neno moja ni aina saba, kumi, pengine zaidi. Yako yenye shuke jekundu, yako yenye manyoya, yako ambayo ng'ombe huyapenda na yako ambayo huyaruka. Chimba kidogo pembeni, utaona mizizi ni mingi kuliko majani yenyewe. Nyasi imeweka hazina yake chini, ambako moto haufiki wala jino la ng'ombe, na kwa hiyo inapoteketea juu haifi. Siku chache baada ya mvua ya kwanza inatoa jani jipya. Kurani Tukufu mara kwa mara inaileta ardhi iliyokufa na kuhuishwa kwa mvua iwe ushahidi wa Ufufuo. Mtu aliyekulia mjini huusoma ushahidi huo kama habari aliyosimuliwa. Mchungaji wa Ngenge ameuona kwa macho yake kila mwaka tangu utoto, na akiukana Ufufuo, hoja juu yake ni nzito zaidi.

Kisha tazama kichuguu. Mchwa huyakokota majani makavu chini ya ardhi, na humo hulima uyoga kwa chakula chao, kabla mwanadamu hajajua jembe ni nini. Ndiyo maana baada ya mvua akina mama huchuma uyoga juu ya vichuguu, na ndiyo maana mkulima hodari hupenda udongo wa kichuguu kilichovunjika. Sura Al-An'am inafundisha kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao ni mataifa yaliyo mfano wetu. Watu wengi husoma habari hiyo wakifikiri ni maneno ya kupamba tu. Wakae saa moja mbele ya kichuguu.

Na tusiwasahau senene, maana mtu wa Bukoba hatatusamehe. Wageni katika dini hutuuliza mara nyingi kama ni halali. Mtume Mtukufu s.a.w. aliruhusu nzige waliwe bila kuchinjwa, na panzi wa namna hii huingia katika hukumu hiyo. Waislamu wa Kagera hula senene, nasi hatuoni sababu ya kuwakataza. Lakini ni wangapi kati yetu tunaokaanga senene mwezi wa Novemba waliowahi kujiuliza wanatoka wapi? Hula maua na mbegu za nyasi, na hutaga mayai yao katika nyasi. Mtu husifu senene sahanini, na wakati huo huo huiita nyumba yao ardhi isiyo na kitu.

Wako watu waliolisema neno "tu" kabla yetu, nao ni Wamarekani. Katikati ya nchi yao ulikuwapo uwanda wa majani marefu, mengine kumzidi mtu kimo, wa ekari zipatazo milioni 170. Wakulima wa kwanza kutoka Ulaya waliudhania ni maskini kwa sababu haukuota miti. Kisha mwaka 1837 mhunzi aitwaye John Deere, katika jimbo la Illinois, akatengeneza plau ya chuma cha pua iliyong'arishwa, ambayo udongo ule mzito haukuweza kuing'ang'ania. Uwanda ulipinduliwa. Wenyeji asilia walifukuzwa. Nyati wao, waliokuwa mamilioni, walipigwa risasi hata wakabaki mamia tu mwishoni mwa karne ile. Kusini-magharibi zaidi, kwenye nyanda kavu ambazo nazo zililimwa bila hadhari, ukame wa miaka ya 1930 ulikuta udongo hauna mizizi ya kuushika. Tarehe 14 Aprili 1935 vumbi liliinuka hata mchana ukawa giza. Leo katika uwanda ule wa majani marefu haijabaki hata sehemu nne katika mia moja, na katika Illinois, jimbo linalojiita Jimbo la Nyika, haijabaki hata sehemu moja katika elfu.

Je, unajua hayo kidogo yaliyobaki yalisalimika wapi? Mengine yalisalimika kando ya njia za reli, na mengine makaburini. Plau haikuthubutu kupita juu ya wafu, basi katika makaburi ya wale wakulima wa kwanza majani ya asili yakaendelea kuota, aina kwa aina. Walio hai hawakuyaachia nafasi. Wafu waliyahifadhi bila kujua.

Baadaye walijuta. Katika miaka ya 1930, pale Madison katika jimbo la Wisconsin, Chuo Kikuu kilianza kazi ya kuirudisha nyika kwenye shamba lililochoka. Vijana wasiokuwa na kazi walipanda majani na kutia mbegu kwa mikono. Wataalamu waligundua humo kwamba majani yale yanahitaji moto uliopangwa, la sivyo vichaka huyameza. Jambo ambalo wachungaji wetu walilijua, ingawa siku hizi moto wa rweya huwashwa ovyo, kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi wakati unapoteketeza kila kitu, na mara nyingi na mtu asiye hata na ng'ombe. Kazi ya Madison imekwisha kupita miaka 80 na wangali wakiitengeneza. Leo katika nchi hiyo ziko hifadhi ndogo za nyika zenye nyumba ya mafunzo pembeni, ambako watoto wa mijini huletwa kwa mabasi waone majani, wafundishwe majina yake, washike mbegu kwa vidole. Mtoto wa Ngenge anaamka kila asubuhi ndani ya kitu ambacho mwenzake wa Illinois hupelekwa kwa basi kukitazama, na shuleni anafundishwa kwamba elimu iko ndani ya kuta nne.

Tanzania haikukosa mafundisho ya namna hii. Chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, kimefundisha wahifadhi wa wanyamapori tangu mwaka 1963, na klabu za Malihai zilianzishwa mwaka 1980 kuwafundisha wanafunzi mashuleni habari za viumbe na mazingira. Lakini mwalimu wa shule ya msingi, au mwalimu wa madrasa, hana haja ya kungoja klabu wala basi. Kamba yake ya hatua nne na mtoto mwenye macho vinatosha. Sisi tuliosomea dini katika vyuo vya ng'ambo tulikariri mengi juu ya ishara za Mungu katika maumbile, na mara nyingi tulikariri hayo madirisha yakiwa yamefungwa.

Sasa tuje kwenye sheria ya dini, maana baadhi ya watu hudhani kuhifadhi ardhi ni jambo lililobuniwa na Wazungu. Kabla ya Uislamu ilikuwa desturi ya wakuu wa Waarabu kujitengea malisho: mkuu humpandisha mbwa wake mahali pa juu akabweka, na kote sauti inakofika pakawa pake peke yake. Mtume s.a.w. aliifuta desturi hiyo. Alifundisha kwamba watu wana ushirika katika maji, malisho na moto, na kwamba hakuna malisho ya kutengwa isipokuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume Wake, yaani kwa faida ya umma. Imepokewa kwamba yeye mwenyewe alitenga bonde la Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa umma. Na alipoingia Makka kwa ushindi mwaka 630 alitangaza utukufu wa mji ule: mti wake usikatwe, mnyama wake asifukuzwe, majani yake yasing'olewe. Hapo ami yake, Hadhrat Abbas r.a., akaomba majani ya idhkhiri yaachwe watu wayatumie, kwa kuwa wahunzi waliyahitaji na nyumba ziliezekwa kwayo. Mtume s.a.w. akakubali papo hapo. Litafakari jambo hili, wewe ambaye bibi yako aliezeka msonge: katika mahali patakatifu kuliko pote duniani, jani la kuezekea nyumba za watu liliachwa wazi.

Hadhrat Umar r.a. aliongeza malisho ya umma, akamweka mtumishi aliyeitwa Hunayy kuyasimamia. Maagizo aliyompa ndiyo mizani yetu. Alimwamuru awe mpole kwa watu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Alimwambia amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, lakini awe macho na mifugo ya Abdur-Rahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hao walikuwa masahaba wakubwa, watu wa peponi, wala hakuwatuhumu kwa lolote. Bali walikuwa matajiri, na mifugo yao ikifa wana mashamba na mitende ya kukimbilia. Maskini mifugo yake ikifa atamjia Khalifa na watoto wake wakilia, na Umar aliona kumpa maji na majani ni kwepesi kuliko kumpa dhahabu na fedha. Hifadhi ya Kiislamu, basi, ina mlango, na mlango huo ni mpana kwa mdogo na mwembamba kwa mkubwa.

Pima kwa mizani hiyo habari za jirani mkubwa wa Ngenge. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipata pigo kubwa kuanzia Aprili 1994, wakati watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24, wakikimbia mauaji. Walikata kuni na kula nyama ya pori. Mwenye kukimbia kifo hatumhukumu. Baada yao walikuja majangili na wanyang'anyi wa barabarani, na baadaye makundi makubwa ya ng'ombe ambayo wenyewe hawakuwa maskini. Mwaka 2019 mapori hayo matatu yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707, na humo wamo twiga, tembo, nyati, nyamera na palahala. Kwetu sisi ni jambo la kushukuru. Lakini mtoto wa Muleba aliyeko nje ya mpaka anaona tu bango na bunduki. Hifadhi ambayo jirani yake hajawahi kuingizwa ndani afundishwe, haijatimiza nusu ya kazi yake, na ng'ombe wawili wa mjane si sawa na ng'ombe elfu mbili wa tajiri, hata kama wote wamekamatwa siku moja upande ule ule wa mpaka.

Na iliyobaki nje ya hifadhi, yaani rweya ya kijiji, haina askari wala bango. Inayo sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja, na Halmashauri ya Kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi kabla ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kukubali. Mkutano Mkuu ni wewe. Mara nyingi Waislamu wachache wa kijiji hawaendi, kwa kudhani kwamba hayo ni mambo ya dunia. Wakati huo huo jina la kilima kimoja linasomwa, mikono michache inanyoshwa, na kilima kimekwenda. Nenda. Keti mbele. Likisomwa ombi la kugawiwa rweya, simama kwa heshima, uwaamkie wazee, kisha uulize mambo haya matatu: majani ya kutandika kibanjani yatakatwa wapi kuanzia mwaka ujao, njia ya ng'ombe ya kwenda majini imechorwa mahali gani katika ramani, na mwombaji ana mifugo na mashamba mangapi kwingineko.